Edwin Amekuja Kusalimia Tu

Mdogo wangu Edwin ana adabu. Watu wakisema hivyo huwa wanasifia. Mimi nasema kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Adabu yake kaitoa kwa baba yetu, mzee Bonifasi wa Mwitongo, kule Butiama. Kwa baba, mgeni alikuwa na utaratibu wake. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa. Anaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Analetewa maji ya kunawa, anakula. Akishakula ndipo baba anajiegemeza na kusema, "Haya, tuambie, mmekuja salama?" Hapo sasa mtu anafungua mdomo na kusema kilichomleta. Aliyetaja shida yake kabla hajaulizwa, baba alimhesabu ni mtu asiye na kwao. Siku moja jirani alikuja mbio, jasho linamtoka, akasema ng'ombe wetu wameingia kwenye muhogo wake. Alisema akiwa bado mlangoni. Baba akamwambia akae kwanza. Wakaongea habari za mvua huku ng'ombe wanamaliza muhogo.

Edwin alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anajifunza. Mimi nilikuwa jikoni, na jikoni ukingoja kuulizwa uji unaungua.

Huyu Edwin ni dereva. Ana leseni ya magari makubwa, ana cheti, na mkono wake kwenye usukani ni mtulivu kama tabia yake. Aliendesha pikapu ya mwalimu mmoja pale Butiama kwa miaka kadhaa, mpaka mwalimu alipostaafu na kuliuza gari. Kipindi hicho hicho mke wake, Gloria, alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza, akaenda kujifungulia kwao Bunda, kwa mama yake. Akajifungua salama mtoto wa kike. Ulipofika wakati wa kurudi, baba yake, mzee Magige, akamkalisha Edwin mbele ya watu na kumwambia, "Mkwe, mwanangu atarudi ukishapata kazi. Siwezi kumtoa penye maziwa nikampeleka penye upepo."

Edwin akaitikia, "Sawa, baba."

Akaja kwangu Musoma kutafuta kazi. Kwa hiyo lieleweke tangu mwanzo: kazi aliyokuwa anaitafuta haikuwa kazi tu. Ilikuwa ni Gloria na mtoto. Mtoto wakati huo alikuwa anajifunza kukaa, anaegemezwa na mito.

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kinatazamana na geti la kampuni moja ya samaki, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado wanakula kwangu na bado nahitaji waendelee kula. Wananunua sangara na sato kutoka kwa wavuvi wa Rukuba na visiwa vingine, wanapakia kwenye lori la Kanta lenye barafu, na gari linapeleka Bunda na kuendelea. Siku moja wakabandika tangazo getini: anahitajika dereva mmoja. Nililiona kabla gundi haijakauka. Nikaacha wali motoni nikampigia Edwin simu.

Aliandika barua kwa mwandiko wake mzuri, akaweka nakala za vyeti na picha, akatia kwenye bahasha ya kaki, akampa Tausi. Tausi ndiye katibu muhtasi pale, binti wa Kiislamu wa hapa hapa mjini, mwenye roho nzuri. Akaipokea, akasema, "Haya kaka, tutawaita."

Tukangoja. Simu ya Edwin ilikuwa inalala mezani kwangu kati ya chumvi na pilipili, na kila ikilia ananawa mikono kabla ya kuipokea. Waliokuwa wanapiga ni watu wa mitandao ya simu, wanamkumbusha ajiunge na vifurushi.

Nikamwambia, "Edwin, nenda ukaulizie. Siyo ugomvi. Unaulizia tu kwa heshima: nilileta maombi, naomba kujua yamefikia wapi. Basi."

Akapiga pasi shati, akavuka barabara. Mimi nakunja chapati huku jicho liko getini. Akakaa humo muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kufurahi. Nikasema moyoni, wanamsaili. Akatoka anatabasamu.

"Wamesemaje?"

"Wamenipokea vizuri sana, dada. Wamenipa kiti. Dada Tausi kaniulizia habari za Butiama, kumbe aliwahi kwenda. Na bosi mwenyewe kapita, tumesalimiana."

"Na kazi?"

"Hawakuniuliza."

"Nani akuulize? Wewe ndo umeenda kuuliza!"

Akanitazama kwa masikitiko, kama anayemwonea huruma mtu aliyekosa malezi. "Dada, mtu unaingiaje kwa watu mara ya kwanza unaanza kudai? Wanajua nimefuata nini. Wakiwa tayari wataniuliza."

Chapati niliyokuwa nayo mkononi iliishia kuwa ya kuku.

Akarudi tena baada ya siku kadhaa. Safari hii alibeba maziwa mgando kutoka Mwitongo, kwa sababu kwenda kwa watu mikono mitupu mara ya pili ni aibu. Wakamshukuru, wakanywa. Akarudi tena, na tena. Mlinzi wa getini ndiye mtu pekee katika kampuni nzima aliyekuwa anamuuliza swali lenyewe. "Una shida gani, ndugu?" Naye Edwin anamjibu, "Hapana, nimekuja kusalimia tu." Maana jambo la mwenye nyumba halisemwi kwa mlinda mlango. Hilo nalo kalitoa kwa baba. Baadaye hata mlinzi akaacha kuuliza, anamfungulia tu.

Kisha akaanza kuona vibaya kukaa bure. Amekaa kwenye kiti cha watu, anapigwa na feni ya watu, wenyewe wanahangaika. Siku moja Kanta ilirudi kutoka Bunda imeganda matope na magamba ya samaki, dereva wa muda kaiacha hivyo hivyo katikati ya uwanja akaondoka. Edwin akakunja suruali, akatafuta ndoo, akaiosha. Akaiosha kwa ndani, kwa nje, mpaka rimu. Nilimwona kutoka kibandani, mgongo wake unapanda na kushuka, na sikuamini.

Jioni nikamwambia, "Edwin, unajua ulichofanya leo? Umeosha gari uliloomba kuliendesha."

"Si bora walione jinsi ninavyolitunza?"

"Walione nani? Wameona muosha gari!"

"Dada, subira yavuta heri."

"Inavuta na kunguru."

Akacheka. Edwin anajua kucheka, na anacheka vizuri, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, kwa sababu siwezi kumchukia.

Kuanzia hapo gari likirudi chafu linamngoja. Nilikuwa nawasikia watu wa ofisini wakila kwangu wanaulizana, "Edwin amekuja leo?" Ni kama vile wanaulizana kuhusu umeme. Bwana Abraham, meneja mwenyewe, mtu mnene mwenye kupenda kichwa cha sato, siku moja alifuta mdomo akaniambia, "Mama Matrida, yule kijana wako ana adabu. Siku hizi vijana wa hivyo hawapo."

Nikataka kusema pale pale: basi mpe kazi. Lakini Edwin alikuwa ameshanikataza. Alinikataza usiku mmoja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuomba. "Dada, nakuomba, usiniharibie. Ukiwaambia wewe, watasema Edwin ana wakili wa kwenye masufuria." Nikamwongezea Bwana Abraham mchuzi, nikanyamaza.

Tausi niliwahi kumchokonoa pembeni. Naye akaniambia, "Dada Matrida, bosi anasemaga tu tutaita, tutaita. Mi sijui. Ila Edwin tunampendaga sana." Kumpenda walimpenda. Mbuzi wa Pasaka naye hupendwa.

Jumapili alikuwa anakwenda Bunda. Misa ya kwanza, halafu shati lile lile, kilo ya sukari, na samaki ninayemfungia kwenye gazeti. Akirudi namuuliza.

"Gloria hajambo?"

"Hajambo. Ndiye aliyetuletea chai."

"Mliongea?"

"Baba mkwe alikuwepo."

"Kwa hiyo mliongea nini?"

"Na baba mkwe? Pamba imekosa bei. Halafu mpira."

"Na kuhusu kurudi?"

"Anajua nafuatilia."

Mtoto alikuwa amekaa. Kisha akatambaa. Siku moja Edwin akarudi na habari kwamba amesimama kwa kushika kiti, akanionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na Gloria. Aliitazama picha hiyo mpaka kioo kikazima, akakigusa kikawaka, akaitazama tena.

Nilijua siku ya usaili kabla yake, na nilivyojua ni aibu tupu: waliniagiza vitafunwa. Chai ya watu sita na maandazi. Tausi alinipigia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nikauliza, "Usaili wa kazi gani?" Akasema, "Ya dereva." Nikauliza, "Na Edwin yumo?" Akasema, "Mi nilipewa majina tu nipige simu."

Nilimwambia Edwin asubuhi ile ile. Nilidhani atapiga kelele, au atalia, au ataondoka zake Butiama. Yeye akasema, "Huenda mimi hawaoni haja ya kunipigia, kwa sababu niko pale kila siku." Akapiga pasi shati. Akachukua birika langu la chai, akasema, "Lete nikusaidie kubeba, mikono yako miwili tu."

Nikamwachia. Nami nilitaka kuamini.

Waliokuja kusailiwa walikuwa watatu, pamoja na wazee wawili wa kuwahoji na Bwana Abraham mwenyewe. Edwin akapanga viti. Edwin akamimina chai. Halafu wakatoka uwanjani kwa jaribio la kuegesha, na Bwana Abraham akaita, "Edwin! Tupangie madumu hapo, tuone nani anajua kurudi nyuma."

Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda changu, nimeshika mwiko. Nikamwona mdogo wangu anabeba madumu ya njano mawili mawili, anayapanga, anarudi hatua nyuma kuangalia kama yamenyooka, anasogeza moja kidogo. Aliyapanga vizuri. Kisha akasimama pembeni, mikono nyuma, akawatazama watu watatu wakipanda mmoja baada ya mwingine kwenye gari aliloliosha jana yake.

Aliyepata ni kijana mmoja anaitwa Clever, mtoto wa hapa mjini, ana kelele, ana kofia ya kugeuza nyuma. Aliangusha dumu moja. Akashuka akicheka, akamwambia Bwana Abraham, "Bosi, hilo dumu lilikuwa na haraka," na wote wakacheka. Wakamwambia aanze Jumatatu.

Mimi nilivuka barabara. Sikumbuki kuamua kuvuka. Nakumbuka mlinzi akisema, "Mama, mama, taratibu," na nakumbuka kwamba mwiko ulikuwa bado mkononi na una wali. Nilimkuta Bwana Abraham mezani kwake anamalizia andazi langu.

"Bosi, shikamoo haipo leo," nikasema. "Edwin aliomba kazi hii. Alileta barua kabla gundi ya tangazo lenu haijakauka. Mbona hamkumwita hata kwenye usaili?"

Bwana Abraham alitua andazi. Sitamsingizia, hakukasirika. Alishangaa, na kushangaa kwake kulikuwa kwa kweli.

"Edwin? Mama Matrida, barua yake niliiona. Alipokuja mara ya kwanza nikasema, huyu kaja kuulizia. Nikapita makusudi mbele yake nimpe nafasi. Akanisalimia tu. Mara ya pili kaja na maziwa. Nikangoja. Hakuuliza. Nikasema basi, huyu kashapata shughuli kwingine, hapa anakujaga kwa mazoea."

"Na gari alikuwa anakuoshea kwa mazoea?"

"Mimi sikumwambia aoshe." Na hilo lilikuwa kweli. "Mama, mtu mwenye shida na kazi anaulizaga. Huyu Clever kanipigia simu kila asubuhi mpaka nikataka kumzuia kwenye simu yangu. Kanikera. Lakini nikasema, huyu ana njaa ya kazi. Barabarani na samaki wa watu nahitaji mwenye njaa."

"Na wewe," nikamgeukia Tausi, "na wewe ulikuwa hujui?"

Tausi alikuwa anajikunyata na ushungi wake. "Dada, nilikuwa najua. Nilidhani wenyewe wanaongeaga, yeye na bosi. Kila siku wako pamoja."

Nilivuta pumzi ya kuwamwagia yote, ya Gloria, ya mtoto, ya mzee Magige na upepo wake. Nyuma yangu nikasikia birika linawekwa chini. Edwin alikuwa mlangoni. Alisikia yote, ilionekana kwenye midomo yake iliyokauka. Nikasogea pembeni ili apite mbele, aseme. Nilimwomba Mungu aseme. Hata atukane.

"Bosi," akasema, "samahani sana kwa usumbufu wa dada."

Bwana Abraham naye akaona haya. Akasema, "Hapana, Edwin, hakuna shida. Wewe usiache kuja. Hapa ni kwako."

"Ahsante sana, bosi," akasema mdogo wangu, na akainama kidogo alivyokuwa anasema hivyo, kama tulivyofundishwa. Nilimchukia baba yangu kwa dakika nzima. Kaburi lake na msalaba wake na misa zote tulizomsomea, nilimchukia.

Jumapili iliyofuata nilifunga kibanda nikaenda naye Bunda. Hakutaka. Nikamwambia safari hii sukari nabeba mimi.

Kwa mzee Magige wanakaa vizuri. Nyumba ya bati, ng'ombe wanasikika nyuma, picha ya Bikira Maria ukutani. Mzee alitupokea kwa heshima zote. Gloria akaja, amempakata mtoto, akapiga goti kidogo kutusalimia, "Shikamoo wifi," nikamwitikia huku namwangalia usoni. Alikuwa amekonda mashavu. Mtoto alimtazama Edwin kama anavyotazamwa mgeni, akaficha uso shingoni kwa mama yake.

Tukaulizwa habari za Musoma. Tukaulizwa habari za mvua. Tukanywa chai. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu ili isiseme. Hatimaye mzee Magige mwenyewe akauliza, "Na ile kazi, mkwe?"

"Tunaendelea kufuatilia, baba," Edwin akajibu.

Hapo ndipo nilipochoka. Nikasema, "Baba, kazi kapewa mtu mwingine. Edwin hana kazi. Ndiyo habari tuliyokuja nayo."

Mzee alimtazama Edwin, na nilivyomwona mimi, alikuwa anamngojea. Edwin alikuwa anatazama kikombe. Basi mzee akasema, "Nyie watu wa Butiama, ongezeni chai," na habari ikaishia hapo.

Tulipoaga, Gloria akatusindikiza. Alimbeba mtoto mgongoni kwa kitenge, akatembea nasi mpaka karibu na barabara ya lami. Mimi nikatangulia hatua chache ili wapate nafasi, lakini sikutangulia sana. Masikio yangu yaliachwa nyuma.

"Baba Neema," Gloria alimwita kwa jina la mtoto wao, "nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Dada yangu mkubwa alivyokuja kujifungulia hapa, baba alimwambia mume wake maneno yale yale. Atarudi ukipata kazi. Yale ni maneno ya wazazi tu, kila baba anasemaga. Shemeji alikuja siku moja, hana kazi, hana chochote, akasimama hapo mlangoni hata kiti hajapewa. Akasema nimekuja kumchukua mke wangu. Baba akakasirika, akafoka weee. Halafu akachinja kuku, wakala, wakaondoka."

Edwin alikuwa anatazama lami.

"Miezi yote hii umekuja hapa kila Jumapili. Umesalimia baba, umesalimia mama, umesalimia majirani. Mimi naleta chai, naondoa vikombe. Hukuniulizaga hata siku moja kama nataka kurudi. Kazi ni mambo yako na baba. Mimi nilikuwa nasubiri uniulize."

Nikasimama. Sikuweza kuendelea kujifanya natembea. Niligeuka nikamwona Gloria naye amesimama, ameshika fundo la kitenge kifuani kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama Edwin usoni, waziwazi, kama mtu aliyefungua mlango na kuushikilia ili upepo usiufunge.

"Shangazi yangu ananiita Mwanza," akasema. "Ana cherehani mbili, anataka nikae naye, nishone. Nimemwambia nitampa jibu leo jioni."

Lori likapita, vumbi likatufunika, likatulia. Alikuwa bado anangoja. Nilimwona Edwin anafungua mdomo. Nikajua neno limefika pale kooni, lipo, ni neno moja tu. Hata lingetoka kwa kigugumizi, hata lingetoka vibaya, lingetosha. Nilikuwa nalisema kwa midomo yangu bila sauti. Turudi. Sema turudi, Edwin.

Akameza mate.

"Mwanza ni pazuri," akasema. "Msalimie sana shangazi."

Gloria alimtazama kidogo tena. Kisha akakaza kitenge, akamweka mtoto sawa mgongoni.

"Zitafika," akasema.